Mnunuzi na Mwuzaji katika Nchi ya Ugogo

Siku moja nilikuwa nimeketi barazani pa duka karibu na stesheni ya Dodoma, akaja msafiri mmoja, mwenyeji wa Katanga katika nchi ya Kongo. Akasalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, nataka kuuza mchele." Mwenye duka akamtazama mikono, akaona hana gunia wala kikapu, akamjibu, "Mchele wako uko wapi, ndugu yangu? Mimi ninao tele, sihitaji mwingine." Wakabishana kitambo, kila mmoja akidhani mwenziwe amfanyia mzaha. Mwisho mgeni akatoa fedha mfukoni, ndipo sote tukatambua kwamba alitaka kununua. Kwao kuuza ndiko kununua, na mtu atakaye kusema kuuza kama tusemavyo sisi, husema kuuzisha.

Watu wa barazani walicheka, wakasema ya kuwa Wakongo wameipindua lugha. Walakini mimi nilirudi nyumbani nikifikiri, kwani niliona kwamba mgeni yule hakuipindua lugha. Alishika ncha ya pili ya kamba ile ile. Habari hii ndiyo iliyonitia nia ya kuandika machache juu ya maneno ya kununua katika nchi hii yetu ya Ugogo na jirani zake. Nataka kuonyesha mambo mawili. Kwanza, katika nyanda hizi kavu mnunuzi na mwuzaji si watu wawili daima, bali ni mtu mmoja ambaye mvua humgeuza. Pili, wazee wetu waliweka mpaka wa maneno kati ya vitu vinunuliwavyo na visivyonunuliwa, na mpaka huo ulikuwa na faida kubwa kuliko tunavyodhani leo.

Mzizi mmoja

Mgogo akitaka kununua husema kugula. Msukuma na Mnyamwezi husema vivyo hivyo, na Mganda pia. Mkikuyu husema gura, na Mnyarwanda husema kugura. Huu ni mzizi wa kale sana wa lugha za Kibantu. Sasa tuwatazame Wagiriama wa pwani ya Kenya, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kwao kununua ni gula, na kuuza ni guza. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni ile ile iliyo katika Kiswahili kati ya kulala na kulaza. Alazaye mtoto humfanya alale. Vivyo hivyo aguzaye humfanya mwenziwe agule. Basi, neno letu kuuza ni lile lile guza lililopoteza sauti yake ya kwanza, na maana yake ya asili ni kumfanya mtu anunue.

Kiswahili chetu kilichukua neno jingine, kununua, na kuuza likabaki peke yake kama mtoto aliyefiwa na mzazi. Hata hivyo mzazi huyo hakutoweka kabisa. Katika nchi ya Tanga na Morogoro watu huita soko la siku maalumu gulio, yaani mahali pa kugulia, kwa ujenzi ule ule ufanyao kimbilio kuwa mahali pa kukimbilia. Mtu asemaye gulio hutamka neno la Kigogo pasipo kujua.

Lugha ya Kiarabu nayo yatufundisha jambo hilo hilo. Neno biashara limeunganishwa kwa maneno mawili ya Kiarabu, la kuuza na la kununua, yakafungwa fundo moja. Mwenye kusema biashara ametaja pande zote mbili kwa pumzi moja.

Misafara na hongo

Msomaji wa mbali huenda akauliza, mambo haya yana nini na Ugogo? Yafaa aijue nchi. Mvua ya Dodoma ni yapata milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikikosa wiki tatu wakati mtama na uwele vinapochanua, mwaka mzima umeharibika. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita katikati ya nchi hii. Upande wa mashariki palikuwa na jangwa la Marenga Mkali, na upande wa magharibi palikuwa na pori la Mgunda Mkali. Msafara uliotoka katika ukame mmoja na kuukabili mwingine ulilazimika kununua chakula Ugogo, wala hapakuwa na njia nyingine rahisi. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao walinunua kama watu wengine wote.

Siku zile fedha ilikuwa nguo. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti moja. Wanawake wetu wangali wanasema doti ya khanga, ingawa mkono si kipimo tena. Nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Massachusetts katika Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Marekani walipopigana vita wao kwa wao, tangu 1861 hata 1865, nguo hiyo ilipungua, na ile ya Uingereza na ya Bombay ikashika mahali pake. Walakini jina halikubadilika, na watu waliendelea kuiita merikani. Kwa nguo hizo, na shanga, na nyaya za shaba, Mgogo aliuza mtama, mbuzi, ng'ombe, na chumvi ya Bahi.

Juu ya bei ya chakula palikuwa na malipo mengine yaliyoitwa hongo. Wageni wengi waliyaandika kwa hasira, wakasema ya kuwa watemi wa Ugogo ni wanyang'anyi. Wenyewe hawakuona hivyo. Visima vya Ugogo vilichimbwa kwa mikono katika mchanga wa mito iliyokauka, navyo viliweza kukaushwa kwa siku moja na msafara wa watu mia kadhaa. Mtemi ndiye aliyekuwa mlinzi wa nchi na mwombaji wa mvua yake. Mpita njia hakununua maji, kwa maana maji hayana bei. Alitoa hongo ili wenye nchi wamruhusu kunywa na kupita kwa amani. Hongo ililipwa hadharani, kwa majadiliano marefu, na ngoma ikalia kuwajulisha watu kwamba jambo limekwisha.

Wajerumani walipojenga boma Mpwapwa mwaka 1889, na baadaye Kilimatinde, hongo ilikomeshwa. Neno likabaki bila kazi, likatafuta kazi nyingine. Leo hongo ni fedha itolewayo kwa siri ili haki ipindishwe, na mtoaji na mpokeaji hushitakiwa wote wawili. Tazama jinsi neno moja lilivyotoka mchana likaingia gizani. Zamani lilikuwa halali kwa sababu watu wote waliona. Leo ni haramu, na alama yake ya kwanza ni kwamba hakuna apaswaye kuona.

Majina ya wanunuzi

Kila wakati mpya ulileta mnunuzi mpya, na kila mnunuzi alikuja na jina lake. Wa kwanza ni tajiri. Kwa Kiarabu neno hili maana yake ni mfanyabiashara tu, awe na mali nyingi au kidogo. Katika misafara tajiri alikuwa mwenye bidhaa, hata kama bidhaa zile zilikuwa za mkopo. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alikuwa mkuu wa misafara, naye alichukua mali kwa Mhindi wa Unguja, Taria Topan, akalipa kwa pembe. Watu wa bara hawakuona deni; waliona marobota ya nguo vichwani pa wapagazi. Ndipo tajiri akawa mwenye mali nyingi.

Wa pili ni mwenye duka. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Penye stesheni palizaliwa duka: Gulwe, Kikombo, Dodoma, Bahi, Saranda, Manyoni. Wahindi walikuja na mizani, daftari, na fedha za chuma. Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa heller 100 tangu 1904, na kutoka heller tukapata hela, kama tulivyopata pesa kutoka sarafu ndogo ya Bara Hindi. Kodi ya serikali ilidai fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza. Mtu ambaye zamani aliuza mtama kwa kuwa umezidi, sasa aliuza kwa kuwa mtoza kodi yu njiani. Mwenye duka alinunua mtama wakati wa mavuno kwa bei ndogo, akamwuzia mwenyewe mtama ule ule mwezi wa Januari kwa bei kubwa. Hapo mwuzaji na mnunuzi walibadilishana viti ndani ya mwaka mmoja, wala hawakuinuka mahali walipokaa.

Kwa Kihindi mfanyabiashara huitwa kwa neno ambalo sisi tumelifanya bepari. Katika vitabu vya zamani bepari ni mchuuzi au mfanyabiashara, pasipo lawama. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa jina la mnyonyaji. Mwalimu Nyerere alipotafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, ukachapwa mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Wasomaji wa siku zile walisikia hukumu ndani ya jina kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza.

Wa tatu ni mlanguzi. Kulangua ni kununua kwa wingi ili kuuza tena kwa faida. Wakati wa uhaba wa miaka ya 1980 neno hili likawa kama jina la mwizi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilipigana na walanguzi na wahujumu uchumi, ikatungwa sheria yao. Watu wengine waliogopa, wakatupa bidhaa zao porini usiku. Leo mtu anunuaye mahindi kwa wingi katika soko kubwa la nafaka la Kibaigwa huitwa mfanyabiashara, na hapana amshikaye. Tendo ni lile lile. Jina ndilo lililobadilika, kwa kuwa ghala zimebadilika. Chakula kikiwa tele, tunamwita mnunuzi. Kikiadimika, tunamwita mlanguzi.

Kati yao amesimama dalali, ambaye kwa asili ni mtu aonyeshaye njia, yaani amwonyeshaye mnunuzi alipo mwuzaji. Mkulima wa Kongwa anamjua dalali, tena anaijua lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuvikwa kilemba juu, ambalo mnunuzi hulilipia bei ya gunia moja. Serikali imeikataza, lakini mwenye njaa ya fedha hushona kilemba hicho kwa mkono wake mwenyewe. Katika nchi ya Bukoba kuna neno butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Ugogo nako wako wauzao mtama ungali shambani. Mtu wa namna hiyo, je, ni mwuzaji? Kwa umbo la sentensi ndiyo. Kwa kweli yeye amenunua chakula cha leo, na bei yake ni mavuno ya kesho.

Wala mnunuzi mkubwa si lazima ashinde. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mashine nyingi ili walime karanga. Walikuwa na fedha za kununua kila kitu. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Fedha ilinunua matrekta, ilinunua mbegu, ilinunua kazi za watu. Lakini mvua ya Ugogo haikuwa na duka.

Visivyonunuliwa

Sasa nafikia sehemu iliyo na uzito kuliko zote. Wageni wa kwanza walipoona ng'ombe wakitoka nyumba ya mume kwenda nyumba ya mke, waliandika ya kuwa Mwafrika hununua mke. Neno hili lilienea katika vitabu, na baadhi ya walimu wa dini wakalihubiri. Lakini Mgogo hasemi amemgula mke. Husema ametola, yaani ameoa. Ng'ombe wa mahari hawatoki kwa mtu mmoja wala hawaendi kwa mtu mmoja. Hutolewa na ndugu wa mume, hata wa upande wa mama yake, na hugawanywa kwa ndugu wa mke, wa kuumeni na wa kukeni, kama alivyoeleza Peter Rigby katika kitabu chake juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo, kilichochapwa mwaka 1969. Aliyenunua mbuzi hana undugu na mwuzaji. Akiisha kulipa, huenda zake. Aliyetoa mahari ndipo undugu unapoanza. Mwaka 1931 mtaalamu Evans-Pritchard aliwashauri wenziwe, katika jarida la Man la London, waache kusema bei ya mke. Wazee wetu hawakuhitaji shauri hilo, kwa kuwa lugha yao ilikuwa imekwisha kuweka mpaka.

Mpaka huo ulipimwa wakati wa njaa. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo ikakosa. Tangu 1917 hata 1920 ikawa njaa iitwayo Mtunya. Yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 walikufa 30,000. Wakati ule waliokuwa wauzaji wa nafaka kwa misafara walikuwa wanunuzi wasio na cha kununulia. Walitoa kwanza fedha, kisha mifugo. Msomaji wa Biblia atakumbuka habari za Misri katika Mwanzo sura ya 47, jinsi watu walivyomletea Yusufu fedha, kisha wanyama, kisha mashamba, na mwisho miili yao wenyewe. Ugogo nako wako wazazi waliowapeleka watoto wao kwa wenye nafaka.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa watoto hao. Alizaliwa kabla ya reli kufika, na mwaka wa Mtunya alikuwa na umri wa kuchunga mbuzi. Baba yake alimpeleka kwa watu wa milimani, akapewa vibuyu vya mtama. Nilipokuwa mvulana wa shule nilimwuliza kwa ujinga wangu, "Bibi, kumbe wewe uliuzwa?" Sikumwona akikasirika ila siku ile. Akaniambia, "Mimi sikuuzwa. Niliwekwa." Akanieleza tofauti. Kiuzwacho hakina kurudi. Kiwekwacho kina mwenyewe, na mwenyewe huja. Mtoto aliyewekwa haitwi mtumwa, hapotezewi jina la ukoo wake, haozwi pasipo baba yake kujua. Mvua zilipokuja, baba yake alikuja na mtamba mmoja na mbuzi wawili, akamkomboa. Wako wengine, alisema, ambao baba zao walikufa njiani, nao hawakukombolewa kamwe. Lakini hata hao watu hawakuthubutu kusema wamenunuliwa.

Nilifahamu baadaye kwa nini alishika neno lile kwa nguvu hivyo. Kuweka, yaani rehani, na kuuza vilifanana machoni pa mpita njia: mtoto huenda, nafaka huja. Tofauti yote ilikuwa katika neno, na neno ndilo lililokuwa dai la baba. Kama watu wangeliacha neno likapotea, hakuna ambaye angeliweza kuja na mtamba wake kusema, "Nipeni mwanangu." Serikali ya Tanganyika ilipiga marufuku utumwa kwa sheria mwaka 1922, walakini kabla ya sheria, neno ndilo lililokuwa mlinzi.

Ndiyo sababu nadhani walimu wa kwanza walichagua vema walipotwaa neno kukomboa kwa ajili ya habari ya wokovu. Mtume Paulo asema kwamba tumenunuliwa kwa thamani, lakini neno tulipendalo zaidi ni Mkombozi, wala hatumwiti Mnunuzi. Mnunuzi hutwaa kilichokuwa cha mwingine. Mkombozi hurudisha kilicho chake. Bibi yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, na neno hilo hakuhitaji kuelezwa na mwalimu yeyote.

Leo Dodoma ni makao makuu, jambo lililoamuliwa mwaka 1973, na wanunuzi wa viwanja wamejaa kila upande wa mji. Vijana huuza mashamba ya baba zao, nao husema wameuza ardhi, ingawa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na kwamba kinachohamishwa ni haki ya kuitumia. Siwalaumu, mtu ana ada ya shule na ana mgonjwa. Lakini kila nisikiapo "nimeuza", namkumbuka bibi yangu, na hutamani kumwuliza kijana yule kama hakulikosa neno jingine la kusema, neno ambalo lingemwachia mlango wa kurudi.